Waliofeli Wamekwisha Kuhama

Uvumi ulimganda mama kama kupe: shirikisho la michezo ya vyuo litaifungia timu ya chuo cha binti yake, kwa sababu wachezaji wengi wa mwaka jana walifeli masomo wakahama. Binti mwenyewe, golikipa, alikuwa amefaulu yote. Akili za kuambiwa changanya na zako, mama alijiambia, akaendelea kushona namba mgongoni mwa jezi.

Binti akaingia, akaketi sakafuni bila kuvua viatu.

"Ni kweli, mama. Hatuchezi msimu mzima."

"Kwani wewe umefeli nini?"

"Sijafeli. Wanahesabu matokeo ya timu nzima, hawahesabu ya mtu mmoja."

"Na wale waliofeli?"

"Wanacheza chuo kingine."

"Yaani mlaji kaondoka, muosha sahani ndiye anayedaiwa?"

"Hata kocha kasema hivyo. Ila yeye keshapata kazi kwingine."

"Na huu ndio mwaka wako wa mwisho."

"Ndio, mama."

Hakuna aliyelia. Sindano ilikuwa imezama kidoleni mwa mama, naye akakitazama kile kidole kama cha mtu baki.

Jioni wifi yake akapiga simu kwa furaha: binti yake naye kaitwa kuchezea chuo hichohicho cha binamu yake, msimu ujao. Ampe wosia gani?

Mama akamtajia taratibu:

"Asisaini kabla ya kujua waliomtangulia walifaulu vipi.

Asilewe jezi za bure.

Asione haya kuwauliza wenzake matokeo yao, hata wakimwita mmbea.

Na asimwamini anayemwambia, 'Soma kwa bidii, hakuna atakayekugusa.' Hata akiwa mama yake."