Suruali ya Dubu

Kwii, kwii, kwii. Nilisikia kalamu ya wino mzito ikilia nyuma ya rafu kabla sijamwona aliyeishika.

Alikuwa Bi Lindqvist, mkutubi wetu. Mbele yake kilikuwa wazi kitabu cha mama yangu cha alfabeti ya wanyama, nakala pekee duniani. Mama alikichora kwa mkono unaotetemeka, majira mawili ya baridi, akaizawadia maktaba ya mji. Asubuhi hiyo angewasomea watoto kwa mara ya kwanza.

Dubu aliyekuwa akioga kwenye pipa la maziwa, matako nje, sasa alikuwa amevaa suruali nyeusi.

"Mzazi mmoja ameleta barua," alisema kwa upole uleule wa kukukaribisha kahawa. "Anasema wanyama wako uchi."

"Ni wanyama!"

"Usipaze sauti, kijana. Hii ni maktaba."

"Na chura? Mbona hujamvalisha?"

"Sijamfikia."

Nikamnyang'anya kitabu. Wino ulikuwa umepenya karatasi ukatokeza upande wa pili, usoni mwa paka, ambaye mama alimchora sharubu unywele kwa unywele. Niliugusa, ukanichafua kidole. Ulikuwa bado mbichi.

Mlangoni mama alikuwa akivua viatu vya theluji, watoto wakimvuta sketi na wazazi wao wakiingia nyuma yake. "Mwanangu, kitabu kiko tayari?"

"Kiko, mama. Wasomee kutoka mwanzo," nilisema, kwa sauti iliyowafikia wazazi wote. "Na ukifika kwa dubu, naapa, nitasimama niwaambie watu hawa ni nani aliyemvalisha suruali."