Kiatu cha Kushoto

Kwa misimu tisa ya hoki ya barafuni, Mbaruku ndiye aliyekuwa akimfunga nahodha wake, Shomvi, kamba za kiatu cha kushoto. Wenzao walidhani ni kujikinga na nuksi. Wao wawili tu walijua kwamba goti la Shomvi lilikuwa limekwisha, hata kulikunja ni shida.

Asubuhi ya siku ya mechi klabu ikamuuza Mbaruku kwa mahasimu wao, ambao wangecheza nao jioni hiyo hiyo. Ilipofika jioni alikuwa keshavaa jezi yao.

"Yule Shomvi anaumwa wapi?" kocha mpya alimuuliza.

Mbaruku alikuwa na miaka thelathini na saba, na mkataba wa mwezi mmoja.

"Goti la kushoto."

"Basi utamvunja wewe. Mapema, kabla watu hawajakaa."

Kwenye ujia wa kuingilia uwanjani Shomvi alimwona, akamjia akicheka, akamnyooshea mguu.

"Ndugu yangu, leo sina wa kunifunga."

Mbaruku alivua glavu, akapiga magoti, akakaza kamba mpaka juu, mafundo mawili kama siku zote.

"Nilijua hutanitupa," Shomvi alisema, akimpigapiga begani.

Kipenga kikalia. Mbaruku alikuwa bado amepiga magoti, lile goti likiwa sawasawa na macho yake.