Msichana wa Nambari Kumi na Saba

Msichana wa nambari kumi na saba alikuwa tayari amefungwa kamba shingoni watalii wa saa nne walipoingia mtaani.

"Wanamnyonga nani?" mmoja wao aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Jiwe tu, msiogope," alisema Kornel, kijana anayewatembeza wageni katika Mji Mkongwe wa Warshawa. Aliinua mwavuli wake kuelekea juu ya mlango, ambako uso wa msichana mwenye nywele za kusuka ulichungulia kati ya mbao za jukwaa la mafundi. "Mtaa huu una nyuso thelathini na moja, mmoja kila mlango. Vita viliuacha kifusi kitupu. Watu wakaujenga upya jiwe kwa jiwe, kwa picha za zamani na kwa ushahidi wa waliowahi kuishi humu. Mnachokiona ndicho kilichokuwepo."

"Mbona wote ni vijana?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Wachongaji wa kale walipenda ujana, mama. Nani asiyeupenda?"

Kundi likapita. Bi Henryka akabaki.

Alikuwa na miaka sabini na saba, na kila asubuhi alikuja kusimama mbele ya mlango huo, iwe mvua, iwe theluji. Wazee wengine nao walikuwa na mazoea ya kusimama mtaani, mmoja hapa, mwingine milango mitatu mbele, kila mtu peke yake. Hawakusalimiana. Mzee Zenon wa nambari tisa alivua kofia kila alipofika na kuivaa alipoondoka. Bi Henryka alimwona amepungukiwa akili kidogo.

Leo hakuwa na nafasi ya kumwazia Zenon. Juu ya jukwaa, fundi alikuwa akikaza fundo. Chini ya kapi, juu ya gunia, alilala simba wa jiwe aliyemeguka pua.

"Bibi, sogea kidogo," fundi aliita. "Huyu binti akikuangukia, mtazikwa kaburi moja."

"Ingekuwa heri," alisema Bi Henryka.

Fundi akadhani ni utani. Jagna hakudhani. Alikuwa mwanamke kijana, mtaalamu wa mawe ya kale aliyesimamia kazi ile. Aliteremka ngazi taratibu, mikono imejaa vumbi jeupe.

"Shikamoo bibi. Kuna shida?"

"Usimtoe."

"Huyu simba ndiye wa asili. Tumemfukua chini ya ua wa nyumba hii hii, na mgongoni ana nambari ya mlango. Amri ni kwamba cha asili kirudi mahali pake." Jagna akatazama juu, kisha akatazama viatu vyake. "Huyo msichana, faili linasema shahidi mmoja tu ndiye aliyemweleza, mwaka hamsini na tatu. Huenda shahidi alikosea."

"Hakukosea. Alisema uongo."

Jagna hakuonekana kushangaa. Alingoja tu.

"Nilikuwa na miaka ishirini," alisema Bi Henryka. "Walitangaza kwamba kila aliyeishi hapa aje aseme mlango wa kwao ulikuwaje. Huyu simba namkumbuka vizuri, utotoni nilikuwa nikimkimbia. Lakini karani aliposhika kalamu, nikajikuta namweleza dada yangu, Otylia. Nywele zake. Paji la uso. Mchongaji akaniuliza shavu lilikuwaje, nikamwambia lina kishimo."

"Alifariki lini?"

"Mapigano ya Agosti, wakati ule wa vita. Alitoka na ndoo kutafuta maji. Hatukupata hata ndoo. Siku ya Watakatifu Wote wenzangu wanapeleka mishumaa makaburini. Mimi wangu nauwasha jikoni. Hapa nitauwashaje? Watu wataniuliza. Na usiku ananijia, mwanangu. Ananiita kwa jina la utotoni, 'Henia, nishuke lini?' Namwambia bado, bado kidogo. Leo nimekuta mmemtia kamba."

Mvua za miaka mingi zilikuwa zimemchora msichana yule mistari myeusi chini ya macho. Alipotazamwa kutoka pale chini, alionekana kuwasikiliza.

"Umewahi kumwambia mtu yeyote?"

"Hata padri sijamwambia. Ningeanzaje? Mji mzima ulileta kweli yake hapa, jiwe kwa jiwe. Mimi peke yangu nikaleta uongo."

Jagna akainua kichwa.

"Fundi, fungua hiyo kamba."

"Tena?" Fundi akaachia pumzi ndefu. "Nilijua tu. Sasa nimfanye nini?"

"Muoshe uso. Maji na brashi laini."

"Bosi, asubuhi nimtoe, mchana nimuogeshe. Jioni utaniambia nimsuke!"

Bi Henryka akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Kamba ikalegea, ikateleza shingoni mwa msichana, ikaanguka njiani.

"Utaingia matatani kwa ajili yangu," alisema. "Huyo simba utamficha wapi?"

"Ghalani. Atakaa na wenzake."

"Wenzake?"

Jagna alitupa jicho mtaani hadi mwisho, kule walikosimama wale wazee, kila mmoja na mlango wake. Akashusha sauti.

"Tumeshafukua kumi na wanne, bibi, wa milango kumi na minne ya mtaa huu. Simba, kondoo dume, bundi, mashada ya zabibu. Hakuna hata jiwe moja lenye uso wa mtu."