Mtani wa Gasper

Kofi la kwanza lilimvua Gasper kofia. La pili lilimpasua mdomo, damu ikadondokea kwenye kamba aliyokuwa akiikunja.

"Mama yangu umemuuza!" Silvano alifoka. "Tingatinga limempitia kichwani!"

Winfrida alipiga ukelele. Yeye alikuwa muuguzi kutoka Mtwara, katumwa na wenzake kumi na wanne awachagulie pa kwenda likizo: wakapande majabali ya Masasi, au wakashuke poromoko la Newala hadi bonde la Ruvuma. Jana Silvano, anayeongoza wageni Newala, alimtembeza kwao. Leo ilikuwa zamu ya Gasper wa Masasi. Ndiyo kwanza walikuwa wamefika juu ya jabali, wanahema, na Mama Shamila aliyewapandishia chakula anafunua sufuria, Silvano akawazukia. Nyuma yake alikuja Dauda, bodaboda aliyemleta.

"Jamani, waamueni!" Winfrida alilia.

Mama Shamila alikuwa anacheka mpaka kanga imemteleza.

"Tulia, mwanangu. Yule si wa Newala? Na huyu si wa huku kwetu? Watani hao! Mtani akikutukania mama, unamshukuru."

"Lakini damu, mama..."

"Utani wa huku hauna adabu. Mwaka jana watani walimletea shemeji yangu jeneza mlangoni, mzima wa afya, kisa kapata mafua. Wakamlaza humo kwa nguvu, wakamwimbia."

Winfrida akashusha pumzi. Kumbe! Ndiyo maana asubuhi nzima Gasper alikuwa akiiponda Newala. "Mimi mtu wa Nanganga, dada, mtu wa tambarare, nakwambia ukweli: kule watu wanapigania ndoo ya maji. Halafu ile njia yao ya mkoroshoni, ya kushukia bondeni, imezibwa, usiwapeleke watu." Alilisema hilo la njia mara tatu.

Na kweli ilizibwa. Jana Winfrida aliiona: seng'enge mpya, na ndani yake tingatinga limesawazisha kila kitu hadi shina la mkorosho. "Pameuzwa," Silvano alisema. Alipoulizwa nani kauza, alivua kofia, akapita kimya.

Leo kimya kilikuwa kimemwisha. Alimpiga Gasper ngumi ya tumbo, Gasper akajikunja. Akampiga goti la uso. Pua ikalia kama kijiti kikavu kinapovunjika. Gasper akamng'ata mkono, akang'ang'ania kwa meno hadi Silvano alipomfinya macho kwa vidole gumba.

"Moja! Mbili!" Dauda alihesabu kama refa, huku simu yake ikirekodi. "Amka, Masasi! Unatuaibisha!"

Silvano akaokota kamba. Akamzungushia Gasper shingoni, akamburuta juu ya jiwe lenye moto wa jua, magoti yakachunika, yakaacha michirizi miwili myekundu. Gasper akajinasua, akakimbia akichechemea, akamkumbatia Winfrida kiunoni.

"Dada, nishikilie! Huyu hatanii! Ananiua!"

"Ndivyo wanavyosema wote," Mama Shamila alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Mrudishe huyo, usimfiche. Ukimfichia mtu mtani wake, na wewe utatozwa kuku."

Winfrida naye, aibu ya ule ukelele wake bado inamwasha, alitaka kuonekana mtu wa kuelewa mambo. Akamshika Gasper mabega. Mabega yalikuwa yanatetemeka, na suruali imelowa. Akacheka, akamsukuma kwa mikono miwili.

"Nenda kamalizane na mtani wako!"

Gasper akaangukia mikononi mwa Silvano. Mama Shamila na Dauda wakashangilia kwa makofi.

Silvano hakupiga tena. Alimkamata ukosi, akaanza kumrudisha nyuma hatua kwa hatua, kuelekea jabali linapokatika. Chini huko mabati ya mji yalikuwa yanang'aa. Gasper akaacha kupigana. Akaanza kulia kwa sauti nyembamba, akisema Chimakonde, kisha Kiswahili, kisha Chimakonde tena.

"Kaburi tutalihamisha, Silvano! Nakuapia! Tutamchimbua, tutamzika upya, mimi na wewe!"

Dauda alicheka peke yake, kisha akaishusha simu. Winfrida aliikumbuka ile kofia ya jana, ilivyovuliwa taratibu pale kwenye seng'enge, kama watu wavuavyo makaburini.

"Mwachie!" alipiga kelele. "Silvano, mwachie!"

Silvano akamwachia.

Kishindo kilichelewa kufika. Dauda alichungulia ukingoni, akarudi kwa magoti, akatapika. Simu ilikuwa bado inarekodi jiwe.

Mama Shamila alisimama, mwiko mkononi, mdomo unamcheza. Alikuwa mtu mzima, ameshuhudia misiba mingi, na alichoshika sasa ni kile tu alichokijua tangu utoto wake.

"Wewe mtani," alisema, sauti ikimkatika. "Mchezo gani huu? Umeua, wewe! Umeua! Haya, shuka. Shuka ukamkusanye kwa mikono yako. Kwetu kaburi la mtu huchimbwa na mtani wake. Kazi hiyo ni yako."

Silvano aliinama, akaokota kofia ya Gasper. Akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri, akaitia kifuani ndani ya shati.

"Mtafutieni mtani," alisema. "Mimi na huyo tumenyonya ziwa moja."