Mchezo Uliopelekwa Kongo

"Una hakika atakuja?" Okoth aliuliza huku akifunga pazia kwenye nguzo ya stima.

"Hawezi kukosa," Amolo alijibu.

Walikuwa mtaa wa Kongo, Kawangware, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa la mabati. Kundi lao la maigizo lilitoka Kisumu Ndogo, Kibera, na lilijulikana kwa kuigiza yale ambayo majirani walinong'onezana tu. Waliwahi kuigiza habari ya vyoo vinavyofungwa kwa kufuli usiku, na wiki hiyohiyo akina mama wakapewa funguo. Mchezo ukifika penye uchungu, Okoth, kiongozi wao, huusimamisha, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kuingia augeuze.

Mchezo wa leo ulitungwa na Amolo. Msichana aitwaye Mitchelle anapata mimba. Mpenzi wake anamletea vidonge vya kuitoa, anamfungia katika chumba cha kukodi Nyayo Highrise, anazima simu na kwenda zake. Msichana anavuja damu mpaka anakufa.

Waigizaji walidhani ni hadithi ya kubuni. Okoth peke yake ndiye aliyejua kwamba aliyekufa ni dada yake Amolo, na kwamba mwanamume aliyemfungia alikuwa mtu wa Kongo. Polisi walitaka shahidi. Amolo hakuwa naye.

"Amolo, sisi hatuji kuchoma mtu," Okoth alisema. "Tunakuja watu waongee."

"Basi aongee."

Mahakamani mtu huanguka mbele ya wageni. Amolo alitaka huyu aanguke mbele ya watu wake.

Mpenzi aliigizwa na Collins, mzaliwa wa Kongo, kijana aliyeshinda wote kwa kipaji. Mwanzoni aliikataa nafasi hiyo.

"Huyu jamaa mmemfanya shetani," alilalamika. "Labda aliogopa tu."

Amolo alimwambia kwa upole kwamba hayo ni maneno mazuri, akayaingiza kwenye mchezo.

Uwanja ulijaa. Collins alipogeuza ufunguo na kuondoka, wanawake walipiga mayowe. Mtu akarusha kiatu. Nyuma kabisa, Ndululu mwenye duka la dawa alianza kurudi kinyumenyume, akipenya kati ya watu.

"Ni yule?" Okoth alinong'ona.

Amolo aliendelea kuutazama mchezo. Hata hakugeuka.

"Simameni hapo hapo!" Okoth aliwaambia waigizaji, kisha akaugeukia umati. "Wasee, nani anaingia kubadilisha hii story?"

Aliyeinuka ni Mumbua, muuza mboga za sukuma, mama mzazi wa Collins. Amolo ndiye aliyemwalika, akamwekea kiti mbele.

"Mimi nitakuwa mama ya huyu kijana," alisema. Watu wakacheka, wakampigia makofi.

Mumbua naye alicheka kwa haya, akajifuta mikono kwenye leso. Kisha akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, na kicheko kikamwisha.

"Huyo msichana alikuita?"

"Aliita."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Kwa jinsi mchezo ulivyotungwa, wakati huo mpenzi alikuwa ameshafika mbali, ndani ya baa, akinywa na marafiki. Collins alimtazama mama yake.

"Mlangoni, mwaitu. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Niliogopa."

Machozi yalimtiririka Collins mpaka kidevuni.

"Kijana anajua kazi, aki," mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini.

Mumbua aliyafuta machozi yale kwa ncha ya leso. "Hata maji hukumpelekea?"

Collins akatikisa kichwa.

"Mtoto wa watu." Sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Niambie jina lake basi, nimwombee. Alikuwa anaitwa nani?"

"Aluoch."

"Mitchelle!" Okoth alimnong'oneza kutoka pembeni. "Collins, sema Mitchelle!"

Amolo alisimama. Jina la dada yake hakuwa amemtajia mtu yeyote katika kundi lile, hata Okoth.