Kofia ya Langoni

Siku hizi ukitoka Tanga kwenda kutembea visiwani, ukirudi unavishwa kofia pale langoni pa bandari, na safari yote inakutoka kichwani. Wanasema ni ili kisiwa kisikuchoshe, kila ukienda ukione kipya. Nyumbani unakuta mchanga kwenye viatu, basi.

Zamu ya Mwanatumu ilipofika, aliisukuma kofia.

"Mimi sivai, wala mwanangu havai," alisema, amemshika mkono binti yake Sabra, ambaye nywele zake zilikuwa bado zikichuruzika maji ya chumvi. "Mwaka juzi huyu alirudi na kovu gotini. Hadi leo sijui alianguka wapi, wala nani alimbembeleza. Na leo ameelea majini peke yake, kwa mara ya kwanza!"

Mlinzi akainamisha macho. "Mama, kila mwaka unaniambia hivyo hivyo."

Foleni nzima ikageuka kuwatazama. Kisha Mwanatumu akavua kanga aliyojitanda, akaitandika katikati ya lango, akaketi na kumpakata mwanawe.

"Kumbe wewe unakumbuka," alisema. "Haya, anza na yale niliyokuambia mwaka wa kwanza. Na useme kwa sauti, wenzangu nao wasikie."