Dua ya Mtupo wa Mwisho

Kwenye soka au kikapu, wachezaji wa chuo kikuu hawakupiga penalti wala mtupo wa adhabu mpaka Bi Thuraya, shabiki wao aliyekimbia vita kisiwani Kudhaa, aombe dua na jukwaa zima liitikie amin.

Leo ulibaki mtupo mmoja wa kikapu. Baba wa mtupaji, mgeni uwanjani, alimgeukia, viganja wazi. "Mama, muombee mwanangu."

Bi Thuraya akaiona pete kidoleni mwa baba huyo. Akiki nyekundu, imepasuka pembeni, imezungushiwa uzi wa fedha aliousokota mwenyewe. Mwaka wa vita mumewe alikatwa kidole pamoja nayo, akaachwa avuje damu mpaka akafa.

"Nyanya, tunakusubiri," wanafunzi wakamtania. "Au leo umehongwa?"

Akainua mikono. "Ewe Mola, kijana huyu mfungulie."

"Amin." Yule baba aliwashinda wote kwa sauti.

"Na mchu," akasema kwa lafudhi ya kwao, "mtu aliyemuua mume wangu Kudhaa, akamkata kidole kwa ajili ya pete ya akiki, usimwonjeshe raha mpaka kaburini."

"Amin," jukwaa likaitikia.

Baba alikuwa kimya, mkono wenye pete ukishuka kuelekea mfukoni. Bi Thuraya akaudaka, akauinua juu, watu wauone.